Komeo Upande wa Nje

Ulipita pale. Usiseme hukupita. Jumatatu asubuhi ulikuwa unaenda soko la Kataki, ukaiona ile nyumba mpya ya matofali ya kuchoma, ukaona fundi anapachika vyuma kwenye madirisha, na ndani ukaona uso wa mama mmoja mwenye kitambaa cha msiba kichwani. Ukageuza macho ukaangalia ndala zako. Ukajiambia: ni mambo ya familia. Ulijiambia hivyo hivyo mwaka wa themanini na mbili, walipomnyang'anya mjane wa Eugène mvuvi hata sufuria. Ulijiambia hivyo mwaka wa themanini na tano pia, na yule mama wa pale karibu na reli bado analala kwenye baraza za watu. Basi soma. Mara hii hutasema hukujua.

Mama huyo ni Émérence. Mume wake, Papa Symphorien, alifanya kazi ya reli miaka thelathini, na nyumba ile waliijenga wawili. Mchanga wote ulitoka pale mto Lukuga unapoacha ziwa, na ulipanda kilima juu ya kichwa cha Émérence, beseni kwa beseni, viangazi vitatu. Walihamia mabati yalipopigwa tu, madirisha yakiwa bado matundu manne yaliyozibwa kwa mikeka. Symphorien akamwita Firmin, fundi wa kuchomelea, akaagiza shasi nne, fremu za chuma za madirisha. Wiki iliyofuata alianguka mlangoni mwake, na hakuamka.

Symphorien alikuwa mtu wa Mpala, na kwa ukoo wake mali ya mwanaume haikai kwa mke. Inamshukia mtoto wa dada yake. Mjane anakaa chini, juu ya mkeka, katika chumba cha marehemu, mpaka ukoo umwogeshe kumtoa msibani. Havuki kizingiti. Hapandishi sauti. Hagusi kitu cha nyumba. Émérence ni mtu wa Nyunzu na hakuzaa, kwa hiyo hakuwa na mtu wa upande wake hata wa kumletea maji. Aliyemlinda ni wifi yake, Mama Bertille, aliyejaza mlango mzima wa mbele na kigoda chake.

Jumatatu hiyo alikuja Germain, mtoto wa Bertille, yule mpwa mwenyewe. Ni mfanyabiashara wa mahindi, shati limepigwa pasi, mtu anayependa kuitwa sitwayen, yaani mwananchi, hata na shangazi zake. Firmin alikuja nyuma yake na mkokoteni wa shasi.

Kupitia mlango wa chumba, Émérence aliitazama shasi ya kwanza ikiingia tunduni na akaona mara moja kwamba siyo.

"Papa Firmin," alisema kutoka mkekani, sauti chini kama inavyotakiwa. "Hiyo siyo aliyoagiza Symphorien."

"Pole na musiba, mama," Firmin alijibu bila kumtazama. "Miye napachika tu."

"Ulipima hapa na kamba yako, ukanywa chai yangu. Kila antivole, hivi vyuma vya kuzuia wezi, iwe na kipande cha kufunguka, bawaba mbili, komeo kwa ndani. Njo vile mulipatana. Wewe mwenyewe ulisema chuma isiyofunguka ni ya gereza."

Firmin alijifanya anatafuta nyundo.

"Wezi wa Kalemie wamesoma, mama," Germain alisema huku anacheka. "Ukiwawekea bawaba, wanakuja na bisibisi. Tunakulinda."

"Na miye nikitaka kutoka?"

"Mulango si uko?"

"Ufunguo uko mufukoni mwako."

"Eh! Musikie muke wa mujomba!" Germain aligeukia mama yake. "Anapekua mufuko wangu kama tumeshaoana."

Bertille akacheka mpaka kigoda kikalia. "Muke wa mujomba ni muke wako nusu, mutoto wangu. Lakini huyu umuache. Hata ugali atakupikia mubichi."

Kwao huo ni utani halali, na Émérence alikuwa ameumeza miaka yote. Siku ile ulimkwama. Aliendelea kutazama, kwa sababu macho hayakukatazwa.

Aliona kwamba Germain anamjengesha Firmin matundu kutoka chini, mistari mitano ya matofali, mpaka dirisha likabaki juu kama la choo.

"Kwa nini unapandisha?" aliuliza.

Germain alichukua chaki, akapiga mstari ukutani, sebule nzima, kisha akaingia chumbani na kuuzungusha huko huko juu ya kichwa cha mjane, bila kumwambia asogee. "Magunia yatafika hapa," alimwambia Firmin. "Dirisha lianze juu ya mstari, hewa ipite, mahindi yasioze."

Hapo ndipo Émérence alipoelewa yuko ndani ya nini. Haikuwa nyumba tena. Ilikuwa depo, ghala la mahindi, naye amekaa katikati yake akisubiri kupangwa.

Alikuwa na neno moja amelitunza. Mwaka uliopita, kwenye mkutano wa akina mama wa parokia, mtu wa mahakama aliwaeleza sheria mpya ya familia, ya mwaka wa themanini na saba: mjane haondolewi kwenye nyumba aliyokaa na mume wake. Akalitoa.

"Sheria inakataza kunifukuza, Germain."

Germain alipiga magoti mbele yake, taratibu, asichafue suruali. "Nani amekufukuza? Nionyeshe kidole kilichokusukuma. Kaa, mama. Kaa mpaka uchoke. Siku utakayochoka, ufunge mizigo yako, useme Nyunzu, nami nitafungua mulango na kukusindikiza mpaka garini. Watu wote wataona umeenda kwa miguu yako."

Kumbe sheria aliisoma vizuri kuliko yule aliyeifundisha.

Kufikia saa tisa madirisha matatu yalikuwa yamezibwa kwa vyuma visivyo na bawaba. Lilibaki moja, la chumbani, linaloangalia ziwa. Hilo Bertille aliomba lisiinuliwe, kwa sababu matofali yalikuwa yameisha na yeye alikuwa na njaa. Émérence alipiga hesabu ya kila kilicho chake, akakuta kitu kimoja tu. Mpwa haingii katika mali mpaka mjane aogeshwe, na haogeshwi kwa nguvu. Akikataa, marehemu hamwachi mrithi alale. Germain alivaa shati la pasi, ndiyo, lakini jambo hilo aliliogopa kama babu yake.

"Hilo dirisha lifunguke," Émérence alisema. "Lifunguke, nami kesho alfajiri nitakubali kuogeshwa. Lisipofunguka, nitakaa na uchafu wangu, na Symphorien atakuja kukuuliza."

Bertille aliacha kucheka. Germain alitoka nje, akarudi, akatoka tena.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lifunguke. Firmin, weka bawaba. Mama Bertille ni shahidi."

Usiku ule Émérence alilala usingizi wa kwanza tangu msiba. Alikuwa amepanga: ataogeshwa, atapita dirishani asubuhi, ataenda ofisi ya mahakama na karatasi za kiwanja, na jioni atarudi kulala kwake. Atatoka bila kuondoka. Hicho tu ndicho alichotaka, mlango mdogo ambao funguo zake haziko katika suruali ya mtu mwingine.

Jumanne alfajiri wanawake wa ukoo walimwogesha, wakamnyoa, wakamvisha kitenge cheupe. Saa nne Firmin alipachika shasi ya nne. Ilikuwa na kipande cha kufunguka, na bawaba mbili, nzuri, zimepakwa mafuta. Émérence alisimama, sasa ameruhusiwa kusimama, akasukuma. Hakikusogea.

"Komeo liko wapi, Papa Firmin?"

Fundi alikuwa nje, ameinama juu ya ndoo. "Liko, mama."

"Liko wapi?"

"Huku kwangu."

Alipitisha mkono kati ya nondo, akapapasa. Vidole viligonga bati zito. Mafundi wa Kalemie hufunika komeo kwa kisanduku cha chuma, mkono wa mwizi usifike. Shasi iligeuzwa, ndani imekuwa nje, na mkono uliozuiwa ulikuwa wake.

"Ulisema lifunguke," Germain alisema kutoka uani. "Linafunguka. Mama, shahidi, njoo ufungue." Na Bertille akafungua, akafunga, akafungua, akafunga, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea.

Walipoingia ndani kula, Firmin alibaki anaosha mwiko chini ya dirisha. Alisema bila kuinua kichwa.

"Mama, simenti inashika siku tatu. Kabla ya hapo miguu ya shasi inacheza ukutani. Watu wawili wakivuta kutoka nje, inatoka nzima."

"Vuta wewe."

"Germain njo ananipa kazi."

"Basi nitasukuma mwenyewe."

"Usithubutu! Mjane akivunja nyumba ya marehemu, watasema njo yeye alimuua. Bertille analitafuta hilo neno tangu jana. Lazima mukono utoke nje." Akakusanya vyombo vyake, akaenda.

Jumatano magunia yalifika. Yamepangwa mpaka mstari wa chaki, na mlango unafungwa asubuhi na jioni, kwa sababu ya mahindi, wanasema. Émérence amebakiwa na upana wa mkeka mmoja chini ya dirisha la ziwa. Amelala ubavu, vumbi la mahindi puani, na kila wanaporudi wanamwuliza swali moja: umechoka? Hajajibu bado. Akijibu, amepoteza.

Leo ni Alhamisi. Kesho, jua likipanda, simenti itakuwa jiwe, na utaanza tena kusema ungejua ungefanya. Unajua. Ukuta wa upande wa ziwa hauna mlinzi, na Germain yuko bandarini mpaka saa kumi. Mwite jirani yako mwenye mtaimbo. Ivuteni ile shasi, igeuzeni, komeo liwe ndani, muweke simenti mpya, na mkae pale kwa zamu siku tatu mpaka ishike, mkiwaangalia usoni wote watakaopita. Usimalize hata chai yako. Inuka uende.