Kirusi Kilichobisha Hodi

Usiku wa jana niliota shangazi yangu Tunu ametengeneza kirusi. Shangazi anafanya kazi maabara, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba kirusi kilivaa kanzu iliyopigwa pasi.

Kilitengenezwa kiponye kikohozi. Kikimwingia mtu anasahau kukohoa. Tatizo, alisema Shangazi, anasahau na kupumua.

"Sasa kiko wapi?"

"Kimetoka."

"Na makufuli yote yale?"

"Kilibisha hodi kutoka ndani ya chupa, nikasema karibu. Ulitaka ninyamaze? Nimelelewa mimi."

Kufuli la mlango likajitetea: "Mimi nazuia wezi. Mtu ameshakaribishwa, nimzuie kama nani?"

Tunakimbia. Korido ya maabara inaishia uani kwa Bibi Mwantumu, mama yake Shangazi, ambaye kifua chake hakistahimili hata vumbi la ufagio. Shangazi anamziba mdomo kwa kanga.

"Hodi," kinasema kirusi mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali.

Bibi anaiondoa kanga taratibu. "Karibu, mwanangu. Pita ndani."

"Bibi, hicho ni kirusi."

"Na wewe ulipokuja likizo, nilikuuliza ni nini?"

Kirusi kinakaa mkekani. Kinakula wali, kinaomba na ukoko. Kinamsogelea Bibi, kinamsifia mchuzi. Bibi anaanza kusahau kupumua, nami nakaa ubavuni kwake kumkumbusha.

"Bibi, vuta. Haya, toa. Vuta tena."

Jua linazama na kuchomoza, linazama tena na kuchomoza, kama mtu anayechungulia dirishani. Midomo ya Bibi imepauka. Shangazi amemshika miguu, analia.

Ndipo Bibi, kwa pumzi iliyobaki, anachomeka gamba la samaki kwenye njiti ya kiberiti, jembe la kimo cha mgeni.

"Mgeni siku mbili," anasema. "Ya tatu hii. Shika jembe, maharage yale pale."

Kirusi kinalitazama jembe. "Mama, mimi sikutengenezwa kwa kazi hii."

"Hakuna aliyetengenezwa kwa kazi hii. Inama."

Kinainama. Kanzu inachafuka. Hata tuta halijafika nusu, kinamgeukia Shangazi kinanong'ona: "Chupa yangu ipo? Kule nilikuwa nalala tu."

Shangazi anaifungua. "Karibu," anasema, kwa adabu zake zote.

Kizibo kinaingia. Bibi anavuta pumzi ndefu, kisha anakohoa. Sijawahi kusikia kikohozi kizuri kama kile.

Ndicho kilichoniamsha. Bibi alikuwa uani, moshi wa kuni umempata.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeamka, bwana likizo?" Akanikabidhi jembe, akanionyesha maharage.

Tuta la kwanza lilikuwa limepaliliwa hadi karibu na nusu, kijistari chembamba kama uzi. Palipoishia, njiti ya kiberiti ilikuwa imechomekwa udongoni, juu yake gamba la samaki.

"Anzia hapo alipoachia mwenzio," akasema Bibi.