Mkalimani wa Daraja Mbili

Katika banda la video la mtaa wa Daraja Mbili, kwenye runinga kubwa iliyofungwa kwa mnyororo ukutani, wanaume wanne walikuwa wamembeba mwanamke mgonjwa juu ya mlango walioung'oa nyumbani kwao. Walifika kwenye geti la hospitali wakihema. Daktari mwenye miwani akatokea, akasema maneno machache ya Kiingereza, kisha akatikisa kichwa.

Abdulsalam aliyaelewa maneno yale. Daktari alikuwa anasema kwamba mgonjwa hana bima, wamrudishe walikomtoa. Abdulsalam alisogeza maiki mdomoni, akatazama benchi zilizojaa mafundi, wabeba mizigo wa soko la Kilombero na akina mama wauza ndizi. Wote walikuwa wamekodoa macho wakimsubiri. Akashindwa kuwaambia.

"Mwingizeni ndani," alisema kwa sauti nzito ya yule daktari. "Hapa mgonjwa mahututi haulizwi kadi. Tunaokoa roho kwanza, habari za kadi tutaulizana baadaye."

Banda zima likapiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Sadoki, fundi wa kuchomelea mageti, mtu asiyekubali kitu kirahisi, aliuliza mbona daktari anatikisa kichwa. Abdulsalam akajibu kwamba anawasikitikia kwa kutembea mbali. Na baadaye, mwanamke yuleyule alipoonekana ndani ya jeneza, alieleza bila kupepesa macho kwamba huyo ni shangazi wa mgonjwa, wamefanana sana.

Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha, na tuseme kweli, hakuna aliyeifanya kama yeye mjini Arusha. Alikaa kwenye stuli kando ya runinga akawapa wazungu Kiswahili. Bibi kizee alipata sauti yake, mtoto yake, hata mbwa alibweka Kiswahili. Kiingereza alikiokota Mlima Meru, alipokuwa mpagazi wa watalii, kabla goti halijamkatalia kupanda. Vijana walimwomba filamu za ngumi na bunduki. Yeye aliwawekea filamu za watu wanyonge wanaoinuka, akisema kwamba mtu aliyetoka kupigwa na dunia mchana kutwa hana haja ya kulipa kiingilio aone wengine wakipigwa.

Tena alikuwa na maoni, na maoni yake hayakusubiri filamu iishe. Angeisimamisha katikati, mtu akiwa ameinua mguu, aanze kuzungumza. Angesema mji huu una majumba ambamo mbwa ana daktari wake anayemfuata hadi nyumbani, na mlinzi anayemlinda mbwa huyo akiumwa anatafuna mwarobaini. Sadoki angemwambia aache uchochezi, bima ya watu wote inakuja. "Ije, nitaipokea kwa ngoma," angejibu Abdulsalam, "lakini malaria haijaambiwa isubiri." Twahira mkewe, aliyekaa mlangoni kukusanya viingilio, alimwonya mara nyingi kwamba mdomo huponza kichwa. Watu wa Kondoa alikotoka baba yake, alisema Twahira, ni wapole, sasa huyu sijui katoka kwa nani.

Ijumaa hiyo, kwenye benchi la nyuma kabisa, alikaa Koikai wa Olasiti, mlinzi wa jumba moja la ghorofa huko Njiro. Alikuwa na saa chache kabla ya zamu. Yeye hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa kama mtu anayekariri kitu, akatoka filamu haijaisha.

Jumamosi asubuhi, Abdulsalam akiwa anakunywa chai, simu ikalia.

"Kaka, niko hospitali na baba," alisema Koikai. "Nimewaambia yale maneno ya daktari. Wanasema hawayajui. Njoo uwaambie wewe."

Usimcheke Koikai. Baba yake, mzee Meitamei, alikuwa ameificha ngiri miaka mingi, akiifunga kwa kitambaa chini ya shuka ili mwanawe asijue. Juma lile ilitoka ikakataa kurudi, tumbo likawa gumu, akaanza kutapika. Kadi hawakuwa nayo. Mtu wa namna hiyo akisikia mbele ya umati kwamba mahututi haulizwi kadi, na anayesema ni mtu anayejua lugha ya wazungu, kwa nini asiamini? Wengi wetu tumeamini mambo makubwa zaidi kutoka kwa watu wasioaminika zaidi.

Abdulsalam aliweka kikombe chini. Angeweza kuzima simu, na kusema kweli wazo hilo lilimpitia. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Twahira alimtazama, akasikiliza habari yote, na kwa mara ya kwanza hakumsema. Alimletea viatu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa. Mzee Meitamei alilala kwenye benchi chini ya shuka jekundu, magoti kayakunja hadi kifuani, macho kayafumba. Hakuwa analia. Koikai alisimama pembeni yake, mrefu, mikono mitupu, maana rungu lake lilibaki kwa mlinzi wa getini.

Abdulsalam alimsogelea akamwambia polepole, akivitazama viatu vya tairi vya Koikai. "Yale maneno ni yangu. Yule daktari hakusema vile."

Koikai aliuliza, "Alisemaje?"

"Alisema arudishwe."

"Na yule mama?"

"Alikufa."

Koikai alimtazama baba yake. Abdulsalam alingoja atukanwe, na angeona ni haki yake. Lakini Koikai aligeuka, akamwangalia usoni bila hasira.

"Basi waambie yako," alisema.

Dirishani alikuwepo dada mmoja wa Kimeru, Elinipa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwa mtu mbaya, na hadithi hii haitamfanya mbaya. Alieleza kwa upole kwamba mfumo wa kompyuta haufungui faili bila namba ya kadi au malipo, na kwamba aliwahi kumpitisha mgonjwa hivihivi akapewa onyo, la pili ndilo la mwisho. Abdulsalam alijaribu kumbembeleza. Akagugumia. Mtu aliyewasemea wafalme na wafungwa hakujua kuomba kwa sauti yake mwenyewe. Nyuma yake mzee Meitamei alitapika tena, na mama mmoja akavua kanga yake ya juu kumpangusa.

Hapo Abdulsalam akafanya jambo pekee alilolijua. Alisimama kando ya dirisha, kama anavyokaa kando ya runinga, akawageukia watu wa kwenye benchi.

"Huyu mnayemwona ni mzee Meitamei wa Olasiti," alisema, na sauti yake ikajaza ukumbi bila maiki. "Anasema: nimechunga ng'ombe maisha yangu yote, nikiwavuta ndama matumboni mwa mama zao kwa mikono hii. Leo tumbo langu limekuwa jiwe, na mwanangu anaona aibu kwa niaba yangu. Asione aibu."

Mtoto aliyekuwa analia alinyonyeshwa haraka.

"Na huyu ni mwanawe. Anasema: kila usiku nalinda mali ya mtu mwingine isiguswe. Baba yangu nitamlindaje?"

Kisha akamgeukia Elinipa, na sauti ikalainika ikawa ya kike, bila mzaha hata chembe.

"Na huyu dada anasema: baba, ningekuwa na amri ningekubeba mgongoni. Lakini nami nina watu wananingoja nyumbani, na kazi ikinitoka watakula nini? Mfumo umenifunga mikono, moyo haukufungwa."

Elinipa aliinua kichwa. Hakuna aliyewahi kumsemea. Wote waliofika dirishani pale walimwona yeye kuwa ndiyo hospitali.

"Sasa dada anainuka," alisema Abdulsalam.

Elinipa hakuinuka. Mlinzi wa ndani alikuwa ameanza kuja, mkono kwenye mkanda. Abdulsalam alimwona, lakini hakushusha sauti.

"Sasa dada anainuka, anakwenda kumwita daktari."

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Nyamaza sasa, kaka, unaniletea matatizo," alisema Elinipa, huku tayari anafungua mlango wa ndani.

Daktari aliyekuja alikuwa kijana, Emmanuel jina lake. Hakuuliza mengi. Aliinama, akabonyeza tumbo la mzee mara moja, uso ukabadilika, akaagiza machela na chumba cha upasuaji kwa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani. Watu wa kwenye benchi wakainuka kusaidia kubeba, kila mmoja akishika anapopata, na yule mlinzi wa ndani akashika miguu. Mlango wa kioo ukafunguka, ukammeza mzee na daktari wake, ukajifunga.

Walingoja. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Twahira alikuja na chupa ya chai na maandazi, akamlazimisha Koikai kula. Sadoki naye alifika, mafuta ya grisi mikononi, akasema amesikia mjini, akakaa bila kubishana na mtu. Elinipa alikuwa ameitwa ofisini na kurudi. Hakusema ameambiwa nini, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alikuwa bado dirishani, hilo tu ndilo walilolijua.

Alasiri hivi, Emmanuel alionekana nyuma ya kioo. Alisimama na nesi mmoja kwenye korido, kofia ya upasuaji bado kichwani, akawa anazungumza. Sauti haikuvuka. Walichoona ni mdomo wake tu, ukifunguka na kujifunga, na nesi akisikiliza bila kuonyesha chochote usoni.

Koikai alimshika Abdulsalam mkono. "Kaka, anasema nini?"

Ukumbi wote ukamgeukia Abdulsalam. Akina mama, Sadoki, hata yule mlinzi. Walikuwa wanamtazama kama watu wa bandani, wakisubiri Kiswahili.

Alikuwa nacho tayari. Sauti nzito ilikuwa imekwishamfika kooni, na maneno mazuri, yenye nguvu, ambayo yangempa Koikai usingizi usiku ule, mzee awe amepona au la. Aliyaonja. Akayameza, na yalikuwa machungu kuliko dawa yoyote.

"Sijui," alisema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo kuliko walivyoizoea. "Tumngoje atuambie mwenyewe."

Hakuuachia mkono wa Koikai. Kule nyuma ya kioo Emmanuel alikuwa amemaliza na nesi, amegeuka, anawajia, akiusukuma mlango kwa bega kwa sababu mikono yake ilikuwa bado inachuruzika maji.