Nyuzi za Miguuni mwa Shadya

Saumu alikuwa akimmenyea binti yake ming'oko ya kuchemsha pale nyuzi nyeupe zilipotoka kwenye sakafu ya udongo na kujizungusha kwenye vifundo vya miguu ya mtoto. Shadya aliziangalia, kisha akaomba chumvi.

Ming'oko hiyo Saumu aliichimba porini, nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, njia ya Kilambo. Mama yake alimfundisha: ukishatoa mizizi, fukia kichwa cha mche, mwakani urudi palepale. Kila mwaka alirudi palepale. Lori la kiwanda nalo lilirudi palepale kumwaga majivu. Sasa Shadya alishindwa kulala kwa maumivu ya tumbo, na maneno aliyokuwa akiyajua yalikuwa yanampotea.

Shemeji yake Fahad, anayefanya kazi kwenye kitalu cha mikorosho Naliendele, alipita kunywa chai. Alichuchumaa, akazifuata nyuzi kwa kidole hadi kwenye ukoka wa mlangoni.

"Kuvu hizi, shemeji. Zinaishi kwenye mizizi ya ukoka. Udongo ukiwa na madini ya risasi, zinayashika hukohuko chini yasipande kwenye majani."

"Na kwa mtoto zinafanya nini?"

"Naona zimemchukulia naye ni ukoka."

"Zinataka malipo gani?"

"Sukari tu. Ndiyo ukoka unayozipa."

Saumu akazidisha sukari kwenye uji wa Shadya. Nyuzi zikaanza kuwa za kijivu. Kabla mwezi haujaandama tumbo lilitulia, na Shadya akalikumbuka neno kijiko, halafu jina la marehemu baba yake. Saumu alilia kwa furaha hadi uji ukaungua. Kwa kuwa nyuzi hazikufika mbali na kizingiti, Shadya hakutoka tena nje, na wenzake wakahamishia mchezo wa mdako ndani.

Saumu akaenda kiwandani kuomba wasimwage tena. Walimtuma bwana mmoja mwenye viatu vizuri, akapiga picha ukoka wa mlangoni kwake kutoka pande zote.

"Mama, nyasi zimestawi hivi, udongo utakuwaje na sumu?"

"Zimestawi kwa sababu zina wa kuzibebea sumu."

"Ndiyo hivyo. Zimestawi," alisema, akaondoka ameridhika.

Jioni lori lilipita limejaa. Saumu alikuwa amekaa kitandani akimpozea Shadya uji, mikono ikimtetemeka kama ilivyokuwa ikimtetemeka tangu Ramadhani, maana ming'oko walikula wote wawili. Nyuzi chache mpya zikachomoza chini ya kitanda, zikapapasa kuelekea visigino vyake. Zilikuwa laini, na alitamani sana kuziacha zimshike, lakini hazikutosha watu wawili.

Akapandisha miguu kitandani, akaikunja vizuri ndani ya kanga.

"Nendeni kwake," akaziambia. Zikaenda.

"Mama, na wewe je?" Shadya aliuliza.

"Mimi nimeshiba, mwanangu. Kunywa uji."