Jezi Namba Tisa

"Timu inafungwa kila wiki, na kocha ni wewe, kaka. Sisi wachezaji tuna kosa gani?" mdogo alifoka mezani.

"Mnatembea uwanjani kama maharusi!" mkubwa akamrudishia.

Mama akaweka kijiko chini. Mdogo alikuwa akichechemea tangu aumie goti, lakini tangu wamzike baba yao, mpira tu ndio uliomtoa kitandani.

"Mwache kaka yako, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwomba asikuweke benchi."

Mdogo akamgeukia kaka yake. "Kumbe unanichezesha kwa huruma?"

Kocha akainamisha kichwa.

Mama akaenda uani, akaianua jezi namba tisa kabla haijakauka, akamkabidhi mkubwa.

"Kesho mvalishe mwingine," alisema, asithubutu kumtazama mdogo.