Nilipofunga Dawa Kama Maji ya Ndiva

Mjukuu wangu Agape alianza kuumwa wakati wa vuli, akiwa kidato cha pili. Homa hakuwa nayo. Aliacha kula, usingizi ukamkimbia, akawa anainama kwenye mifereji ya shamba la tangawizi na kutega sikio kama mtu aliyeitwa jina.

"Kitendawili!" nilimwambia jikoni.

Zamani angeruka na "Tega!" yake kabla sijamaliza. Siku ile alinitazama tu. Nikatega mwenyewe:

"Nina blanketi, silifui wala silianiki, jua likitoka linajikunja."

"Bibi, nyamaza kidogo. Kuna watu wanazungumza ndani ya maji."

Tulimwombea kanisani. Mwalimu wake akanivuta pembeni, akasema maombi yaendelee lakini mtoto tumteremshe mjini Same, kuna kliniki ya vijana wanaoumwa akili. Tukateremka. Muuguzi Fortunata, mama mwenye sauti ya chini kama anabembeleza mtoto, alikaa naye asubuhi nzima. Daktari akaandika vidonge.

"Bibi, ameze kila jioni," Fortunata akaniambia. "Hata akipata nafuu, asiache mpaka sisi tuseme."

Nikaitikia vizuri kabisa.

Mwezi wa pili wa dawa, asubuhi moja ukungu umelala juu ya migomba, Agape anakoroga uji, mara akasema, "Ni ukungu."

"Nini?"

"Blanketi lako, bibi. Kitendawili chepesi hivyo, ulidhani nimeshindwa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi nimekua na kuzeeka na ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ambalo hujaa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Tangu msichana najua kwamba udongo ukishashiba maji, mtu anaziba mfereji wake. Ukizidisha, mizizi inaoza. Basi nikamwangalia Agape, mashavu yamejaa, anaimba akiosha vyombo, nikaona mtoto ameshiba dawa. Nikavificha vidonge kwenye kopo la majani ya chai. Alipouliza, nikamwambia, "Umepona, mjukuu wangu." Akanitazama, akaenda kuinjika chai.

Wiki tatu baadaye, mchana, nikaitwa nje kwa sauti ya taratibu. Alikuwa mzee Zephania, mgawa maji wetu, mtu ambaye kwa kawaida husikika mpaka mlima wa pili.

"Mama Elinaza, njoo ndivani. Usikimbie, usimshtue. Nimemwacha na mke wangu."

Ukungu ulikuwa umeshuka mchana huo, bwawa halina ukingo wala mwisho, maji na mawingu kitu kimoja. Mke wa Zephania alikuwa amesimama kando. Agape alikuwa ameketi kwenye ukuta, miguu majini. Nilikaa naye, nikaingiza yangu pia. Baridi ile! Nikashika sketi yake kwa nguvu huku najifanya naikunjua.

"Wanasemaje?" nikamuuliza.

"Wanasema nishuke nikakae nao. Kule chini hakuna kelele."

"Na wewe unasemaje?"

Tone moja la ukungu likamtembea shavuni.

"Mimi ninaogopa, bibi."

"Basi twende nyumbani."

Hakuinuka. "Uliweka dawa kwenye majani ya chai. Mimi ndiye ninayepika chai."

"Uliziona? Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani wewe unajua."

Maneno hayo yaliniingia kifuani, mpaka leo yamo humo. Tuliondoka polepole, Zephania na mkewe nyuma yetu. Usiku ule nililala naye kitanda kimoja.

Kesho yake bodaboda ilituteremsha wote wawili, kona baada ya kona, mpaka ukungu ukabaki juu na joto la Same likatupokea. Fortunata alimtazama Agape, akafungua faili.

"Binti, uliacha dawa?"

Agape akainamisha kichwa. Nilimwona anavuta pumzi, anajiandaa kulibeba kosa langu. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilitamani alibebe. Ningeonekanaje, bibi mzima, mzee wa kanisa?

"Ni mimi," nikasema. "Nilizificha. Nilimwona amepona, nikamfungia kama ninavyofunga maji shambani."

Fortunata akaweka kalamu chini. "Bibi, huyu siyo maharage."

"Ni tangawizi," Agape akasema, na kichwa bado kimeinama.

Tukacheka watatu, cheko la watu waliochoka. Kisha Fortunata akamgeukia.

"Wewe unataka iweje?"

"Nataka kila jioni dawa tuzitoe wote wawili, mimi na bibi, tukiangaliana. Asizitoe peke yake, wala mimi." Akainua kichwa. "Na sasa hivi nataka kukuambia mengine. Bibi akiwa nje."

Miaka kumi na mitano nimemlea. Nimemwogesha, nimemsuka, hakuna kidonda chake nisichokijua. Niliinuka, nikachukua mkoba wangu, nikafunga mlango nyuma yangu.

Kulikuwa na benchi hapo hapo mlangoni. Niliketi, nikasikia sauti ya Agape inaanza kutoka, nyembamba, neno kwa neno. Sikio langu likaanza kunyooka lenyewe. Nikasimama, nikavuka ua wenye vumbi, nikaenda kukaa kwenye benchi la mwisho kabisa, jua kali usoni, mahali nisipoweza kusikia kitu.