Volti za Shemeji

Mama Mayai, jina alilobandikwa na majirani tangu aache kufua nguo za watu akanunua mashine ya kuangulia vifaranga, alikuwa na kipimajoto kilichonuna. Mayai yanataka joto la thelathini na saba na ushee. Chenyewe kilikwama thelathini na tano, hakiendi mbele wala hakiombi radhi.

Umeme wake ulitoka nyumba ya mbele, kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Shemeji alikuwa fundi umeme, na kwa maneno alikuwa mtambo mzima. Kila alipolalamikiwa alikuja, akachomoa plagi ya mashine, akatia mita ya volti kwenye soketi na kuisoma kama mtangazaji wa mpira.

"Mia mbili na thelathini! Umeme umejaa tele, shemeji. Badilisha kipimajoto."

Mama Mayai akaamini. Nani abishane na mita?

Sasa siku ya vifaranga kutoka ilikuwa imeshapita, na ndani ya mashine kimya. Akaegemea ukuta kwa uchovu, bega likagusa waya. Akaruka. Waya una joto! Akaufuata kwa kiganja mpaka uani: mwembamba, wa spika, umeungwaungwa kwa kusokotwa na vidole na kuviringishwa tepu, na kila kiungo kinachoma kama pasi.

Safari hii shemeji aliposhika plagi, Mama Mayai akamzuia mkono.

"Iache ifanye kazi, ndipo waya wako unapochoma. Pima kwenye soketi ya pembeni."

"Haipimwi hivyo, shemeji."

"Pima, baba."

Mita ikasoma mia moja na sitini. Fundi akaitikisa, ikamrudishia hiyohiyo. Akakohoa.

"Unajua, mkondo ukipita kwenye waya mwembamba, ukinzani unakula volti njiani. Ni kama maji kwenye bomba..."

"Niondolee maji yako. Zikishaliwa zinakuwa nini?"

"Joto."

"Kwa hiyo joto la mayai yangu umeupa ukuta."

"Waya mnene niliufunga kwangu. Huku nilijua ni taa tu."

"Mashine tuliibeba wote, wewe umeshika upande wa mlango!"

Shemeji akaigeukia soketi. Akachomoa plagi, akapima tena, uso ukachangamka. "Lakini ona, mia mbili na thelathini! Umeme upo!"

"Upo ukiwa hauna kazi. Kama nyinyi siku ya msiba wa kaka yako: 'Shemeji, hutapungukiwa na kitu.' Mlijaa sebule nzima. Nilipowatwisha mzigo, kila mmoja wenu alibaki na volti ngapi?"

Akafungua mashine, akamtia yai kiganjani. "Pasua."

Ndani mlikuwa na kifaranga kamili, kimekufa, manyoya yamelowa, mdomo umeelekea ganda. Shemeji akakifunika kwa ganda.

"Huenda hili lilikuwa bovu tu."

Mama Mayai akampa la pili.