Wale Wadogo wa Kijani

Miaka thelathini na mmoja fundi saa alimtesa mkewe kwa ndege. Wenzake waliolewa na wavuta sigara, mama wa watu akaangukia mpiga miluzi: chai haijapoa, mume keshamwigizia ndege saba wa bustani ya jiji, na ole wake asisikilize.

Majani yalipoanza kupukutika na ndege kupita wakikimbilia kwenye joto, wakaenda kama kawaida kwenye benchi lao kando ya bwawa, mume na darubini, mke na sindano zake za kufumia sweta.

"Wale wadogo wa kijani hawajaja," fundi alisema siku ya tano, akiandika sifuri daftarini. "Sijasikia hata mmoja. Mwakani sijisumbui tena."

Mkewe akasimamisha sindano. Mti wa juu yao ulijaa hao hao wadogo wa kijani, kelele zao zinamtoboa masikio. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini siku hizi birika linapiga filimbi jikoni na mzee katulia tuli: maneno anayasikia, ila sauti nyembamba hazimfikii tena. Sikio la kufa halisikii dawa: msemo huo alimrushia kila siku, leo ukamkwama kooni. Roho ilimuuma. Akimwambia, atamvunja moyo. Asipomwambia, darubini itaishia kabatini, na mzee ataishia kwenye kiti akitazama ukuta.

"Mzee, tazama juu."

"Kuna nini?"

"Mara moja tu maishani mwako, usibishe."

Akainua darubini, akatafuta, akapata. Kindege kilikuwa kimeachama mdomo, koo linatetemeka. Mzee akashusha darubini taratibu, akajishika sikio.

"Kinaimba?"

"Tangu Jumatatu. Wako kama ishirini, na hawana adabu."

"Umewajuaje wewe?"

"Unanipigia miluzi mezani miaka yote hiyo, ningeponea wapi?"

Fundi hakucheka. Alifuta sifuri, akamsukumia daftari. "Basi andika wewe." Kisha, kwa sauti ndogo: "Mwaka huu wanaimbaje?"

Mama wa watu akatazama kulia na kushoto. Siku zote alisema mtu mzima hapigi miluzi mbele za watu. Akaweka sweta pajani, akakunja midomo, akaupiga wimbo wa kile kindege, ila si kwa sauti nyembamba ya ndege: aliushusha kwenye sauti nzito, chini kabisa, mpaka alipoona mumewe kasikia na kumgeuzia uso.

"Mwisho unakosea," mzee alisema, machozi yakimlengalenga. "Rudia."